Mchanganuo wa kiwanda cha kukamua alizeti: sura ya uchambuzi wa sekta inapaswa kujibu nini?

Mwana wa Kiomboi (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na ndugu zangu wawili tunakusudia kuanzisha kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti wilayani Iramba, mkoani Singida, kandokando ya barabara kuu iendayo Nzega. Kiwanja tumekwisha kukipata, bei ya mashine yenye uwezo wa kukamua kilo 250 za mbegu kwa saa pamoja na chujio lake tunayo, na sasa ninaandaa mchanganuo wa biashara ambao tutaupeleka benki kuombea mkopo wa sehemu ya mtaji. Sura za jengo, mashine, wafanyakazi na makadirio ya fedha nimezimaliza kwa kiwango cha kuridhisha. Sura inayonishinda ni ile ya uchambuzi wa sekta.

Mpaka sasa nimeandika kurasa tatu. Nimeeleza kwamba, kwa takwimu zilizotolewa na serikali mwaka 2021, mahitaji ya mafuta ya kula nchini yalikuwa kama tani 570,000 kwa mwaka huku uzalishaji wa ndani ukiwa takribani tani 205,000, na kwa hiyo kuna pengo kubwa linalothibitisha kwamba soko lipo. Baada ya hapo nimeweka jedwali la zile nguvu tano za ushindani zinazofundishwa vyuoni, yaani washindani waliopo, washindani wapya, bidhaa mbadala, nguvu ya wauzaji wa malighafi na nguvu ya wanunuzi, na kila moja nimeipa alama ya juu, ya kati au ya chini. Mtu mmoja mwenye uzoefu aliyeisoma rasimu yangu aliniambia kwamba sura hii ni nyepesi na kwamba ingeweza kubandikwa kwenye mchanganuo wa mtu yeyote, wa Manyara au wa Simiyu, bila kubadilisha neno.

Naomba mnisaidie kuelewa: sura hii inatakiwa kujibu maswali gani hasa? Je, takwimu za kitaifa zinatosha? Na mshindani wangu ni nani, ni mashine nyingine ndogo zilizopo Iramba na Mkalama, au ni viwanda vikubwa na waagizaji wa mafuta kutoka nje?

---

Mchambuzi Dodoma

Ndugu yangu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kupeleka andiko benki. Aliyekuambia kwamba sura ni nyepesi amekutendea wema, na nadhani tatizo linaanzia katika neno "pengo".

Pengo la tani 365,000 ulilolipata kwa kutoa 205,000 katika 570,000 si nafasi iliyo wazi inayomsubiri mtu aje aijaze. Hakuna duka Singida, Dodoma wala Dar es Salaam ambalo rafu yake ya mafuta iko tupu. Nafasi hiyo imejaa tayari, na imejazwa kwa sehemu kubwa na mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, ambayo hufika bandarini yakiwa ghafi, yakasafishwa katika viwanda vikubwa vya pwani na kusambazwa nchi nzima. Kwa hiyo takwimu uliyoitumia kuthibitisha kwamba soko lipo inathibitisha pia jambo jingine ambalo hukuliandika, nalo ni kwamba yupo mtu anayeweza kulihudumia soko hilo kwa bei ambayo wakamuaji wa ndani hawajaweza kuishinda. Sura ya uchambuzi wa sekta inapaswa kueleza kwa nini hali iko hivyo, na kwa nini wewe, ukiwa na mashine ya kilo 250 kwa saa, utaishi ndani ya hali hiyo.

Swali la kwanza ambalo ningekutaka ulijibu, tena kwa kurasa nyingi kuliko maswali mengine yote, ni hili: bei ya mafuta yako inaamuliwa wapi? Watu wengi wanaoandika michanganuo ya alizeti huandika kana kwamba bei inaamuliwa na gharama zao wenyewe pamoja na faida wanayoitaka. Ukweli ni kwamba mkamuaji mdogo hupokea bei. Bei hiyo hutokana na bei ya mawese katika soko la dunia, thamani ya shilingi dhidi ya dola, na kiwango cha ushuru wa forodha ambacho serikali huamua kuyatoza mafuta yanayoingia. Hivi vitatu vyote viko nje ya uwezo wako, lakini haviko nje ya uwezo wako wa kuvieleza.

Chukua ushuru. Katika bajeti ya 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ya mawese ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na lengo lililotajwa lilikuwa kuwalinda wakulima na wakamuaji wa ndani. Kisha ukaja mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilianza Februari, na Ukraine pamoja na Urusi ndizo nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasiuzwe nje kwa wiki kadhaa, na bei ya mafuta ya kula ikapanda kila mahali. Serikali, ikitaka kuwapunguzia walaji makali, ikashusha ushuru katika mwaka wa fedha 2022/23. Mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, bei ya dunia nayo ikawa imeanza kushuka, na msimu uliofuata bei ya mbegu za alizeti ikaporomoka kiasi kwamba wabunge wa mikoa inayolima walilizungumza suala hilo kwa uchungu bungeni. Baadaye ushuru ukapandishwa tena.

Historia hii usiiweke kama mapambo. Inakuambia kwamba katika sekta hii serikali husimama kati ya watu wawili wenye haki, mkulima anayetaka bei nzuri na mlaji anayetaka mafuta ya bei nafuu, na mara moja humwelekea huyu, mara nyingine yule. Angalia pia kalenda. Alizeti huvunwa na kuingia sokoni kuanzia Mei hadi Agosti hivi. Bajeti husomwa katikati ya Juni na viwango vipya huanza kutumika tarehe 1 Julai. Maana yake ni kwamba unatakiwa kumwaga fedha zako zote kwenye mbegu katika wiki zilezile ambazo hujui bado, au umejua jana tu, mafuta ya nje yataingia kwa ushuru gani kwa miezi 12 ijayo. Sijaona mchanganuo mwingi unaoliandika jambo hili, na kwa maoni yangu ndilo jambo zito kuliko yote katika sekta ya alizeti nchini kwetu.

---

Mama wa Mashine, Singida

Nimesoma aliyoandika Mchambuzi na nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, hasa kuhusu Juni. Lakini naomba niongeze upande wa huku kwenye mashine, na pia nimpinge kidogo.

Mwanangu, kabla ya kumfikiria mwagizaji wa mawese, fikiria mbegu. Mashine za kukamua mkoani Singida ni nyingi kuliko mbegu zinazopatikana kwa mwaka mzima. Miezi mitatu au minne baada ya mavuno kila mtu anakamua mchana na usiku, kisha mbegu zinaadimika, na mashine nyingi zinakaa kimya mpaka msimu mwingine. Katika kununua mbegu hushindani na jirani yako mwenye mashine ndogo peke yake. Unashindana na mawakala wa viwanda vikubwa, kwa mfano Mount Meru Millers wana kiwanda hapahapa Singida, na unashindana na wafanyabiashara wanaopakia mbegu kwenye malori kuzipeleka mikoa mingine na nje ya nchi. Hao wana fedha taslimu mkononi mwezi Juni. Mkulima anayedaiwa ada ya shule hamsubiri mtu ambaye mkopo wake haujatoka. Kwa hiyo unapoandika "nguvu ya wauzaji wa malighafi", usiipe alama ya chini kwa sababu eti wakulima ni wengi na ni wadogo. Wakulima wengi wadogo wanaokimbiliwa na wanunuzi wengi wenye fedha wana nguvu kubwa wakati wa ushindani, na hawana nguvu kabisa mwaka ambao bei imeanguka. Andika hivyo, kwamba inabadilika.

Pili, mbegu si mbegu tu. Wakulima wetu wengi bado wanapanda Record, mbegu ya zamani, na wengi hurudia kupanda waliyoivuna wenyewe, kwa hiyo mafuta yanapungua kadiri miaka inavyokwenda. Wenye mbegu chotara kama Hysun 33 wanapata mafuta mengi zaidi kwa gunia, lakini mbegu yake ni ghali na haifai kurudiwa. Usichukue kiwango cha mafuta kilichoandikwa kwenye karatasi ya muuza mashine. Nunua magunia machache kutoka vijiji mbalimbali, yakamulie kwa mtu, upime mwenyewe, na matokeo hayo uyaandike kwenye sura ya sekta kama ushahidi wako. Mashine ya kukamulia bila kemikali huacha mafuta kwenye mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, hata asilimia 6 hadi 10 na zaidi ikiwa imechakaa, wakati kiwanda kikubwa kinachotumia kemikali huacha kama asilimia 1 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mkubwa kumlipa mkulima zaidi yako kwa kilo ileile na bado akapata faida.

Mashudu yenyewe usiyaandike kwenye mstari mmoja mwishoni kama wengi wanavyofanya. Karibu theluthi mbili ya uzito wa gunia huishia kuwa mashudu, na soko lake ni soko jingine kabisa lenye wanunuzi wake: wafuga ng'ombe wa maziwa na kuku, watengenezaji wa vyakula vya mifugo, na wanunuzi wa Kenya. Kuna vipindi ambavyo mashudu ndiyo yanayolipia umeme na vibarua. Sekta yako ni mbili, ya mafuta na ya chakula cha mifugo, na ya pili haiendi sambamba na mawese.

Sasa hapo ninapompinga Mchambuzi. Ni kweli kwamba mawese ndiyo yanayoweka bei, lakini si kwa wateja wote. Mtu wa Singida aliyezoea alizeti hataki mafuta yanayoganda asubuhi ya baridi ya Julai, na msafiri anayesimama Misigiri au Shelui kununua dumu la kupeleka nyumbani Mwanza hajasimama kwa sababu ya bei peke yake. Anataka mafuta ambayo anaamini yamekamuliwa hapo na hayajachanganywa. Huyo atalipa zaidi. Anayekubana kwa bei ni mnunuzi wa jumla anayejaza pipa kupeleka Dar es Salaam, kwa sababu yeye ana chaguo la kujaza mawese bandarini. Kwa hiyo nakushauri utenganishe wateja wako katika sura hii, uoneshe ni nani anafuata bei ya bandarini na ni nani hafuati, na utakuwa umejibu swali lako la mshindani ni nani. Kwenye mbegu mshindani wako ni jirani na wakala wa kiwanda kikubwa. Kwenye mafuta ya jumla ni mwagizaji. Kwenye dumu la barabarani ni yule mwenye meza inayofuata, pamoja na yeyote anayeharibu sifa ya mafuta ya Singida kwa kuchanganya.

Jambo la mwisho ni umeme. Mota ya kilowati 20 hivi ikifanya kazi saa 10 kwa siku 26 inatumia kama uniti 5,200 kwa mwezi. Ukianza kukamua usiku na mchana katika msimu utavuka uniti 7,500, na hapo unaingia kwenye kundi jingine la bei za TANESCO, T2, ambalo uniti yake ni nafuu kuliko ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida, lakini hutozwa pia kwa kiwango cha juu cha mzigo wa umeme uliouvuta. Kwa mashine inayolala miezi mingi, uliza vizuri kabla ya kupiga hesabu.

---

Mwana wa Kiomboi (mleta mada)

Mchambuzi na Mama, nawashukuru kwa dhati. Nimeona sasa kwamba niliandika juu ya mafuta ya kula nchini Tanzania na sikuandika juu ya kazi tunayokwenda kuifanya.

Naomba kuuliza mawili zaidi. La kwanza, kama takwimu za kitaifa haziniambii soko langu, nitakadiriaje ukubwa wa soko la eneo letu bila kubuni? Sijaona mahali palipochapishwa matumizi ya mafuta kwa wilaya. La pili, ikiwa uchambuzi utaonesha hatari kubwa kama hizi za ushuru na za mbegu, je, benki haitaukataa mkopo? Ndugu yangu mmoja anaona ni afadhali tuyaguse kwa ufupi.

---

Afisa Mikopo Mstaafu

Ndugu Mwana wa Kiomboi, nimesoma michanganuo ya aina hii kwa miaka mingi nikiwa upande wa pili wa meza, na nitaanza na swali lako la pili kwa sababu nahisi ndilo linalowachanganya zaidi ninyi ndugu watatu.

Benki inayokopesha katika mikoa ya kati inajua kilichoipata alizeti. Afisa anayesoma andiko lenu ana mikopo mingine ya alizeti kwenye vitabu vyake, na baadhi yake huenda ililegalega bei ilipoanguka. Akisoma kurasa ambazo hazitaji ushuru wa forodha hata mara moja, hataamini kwamba hatari haipo. Ataamini kwamba nyinyi hamuijui, na kwa mkopeshaji mkopaji asiyeijua hatari ni mbaya kuliko hatari yenyewe. Kwa hiyo iandikeni waziwazi, lakini msiishie kuitaja. Ionesheni kwa hesabu, kisha mseme mmebadilisha nini katika mpango wenu kwa sababu yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nitatumia bei za mfano tu, nawe utaweka za kweli utakazozikusanya. Tuseme kilo moja ya mbegu inanunuliwa kwa shilingi 1,000, mashine inatoa asilimia 25 ya uzito kuwa mafuta na asilimia 68 kuwa mashudu. Lita moja ya mafuta ina uzito wa kilo 0.92 hivi, kwa hiyo kilo ya mbegu inatoa lita 0.27 na ushei. Ukiuza lita kwa shilingi 4,500 na kilo ya mashudu kwa 400, unapata kama shilingi 1,495, na baada ya kuondoa bei ya mbegu unabaki na 495 ya kulipia umeme, vibarua, vifungashio, riba na faida yako. Sasa bei ya mafuta ishuke hadi 3,500 wakati mbegu umekwisha kuzinunua. Unapata 1,223 na unabaki na 223. Mafuta yameshuka kwa asilimia 22, lakini kilichobaki mkononi mwako kimepungua kwa asilimia 55. Mstari huu mmoja unaeleza sekta ya ukamuaji vizuri kuliko jedwali la nguvu tano lenye alama za juu, kati na chini, na ndio ninaoutafuta ninaposoma andiko.

Ongeza na mtaji. Mashine ya kilo 250 kwa saa ikifanya kazi saa 10 inakula tani 2.5 kwa siku, na kwa siku 120 ni tani 300. Kwa bei ile ya mfano hizo ni shilingi milioni 300 za mbegu. Si lazima uwe nazo zote kwa mpigo, kwa kuwa utakuwa unauza unapoendelea kukamua, lakini kama mpango wako ni kununua Juni wakati bei iko chini, kuhifadhi ghalani na kukamua hadi Desemba, basi sehemu kubwa ya fedha hizo itakaa kwenye magunia ikikusanya riba na ikisubiri bei ambayo huiamui. Nimeona waombaji wengi waliotumia kurasa 10 kuhusu mashine na nusu ukurasa kuhusu fedha za mbegu, ilhali fedha za mbegu ndizo nyingi zaidi.

Hapa ndipo uchambuzi unapotakiwa kuubadilisha mpango. Huko Singida kuna utaratibu wa siku nyingi wa kuwakamulia wateja: mkulima au mfanyabiashara analeta magunia yake, wewe unamkamulia kwa malipo, au unabaki na mashudu, au vyote viwili kwa makubaliano, naye anaondoka na mafuta yake. Mapato kwa kilo ni madogo, lakini mbegu si zako, na bei ya mafuta ikianguka anayeumia kwanza siye wewe. Kiwanda kinachopanga, kwa mfano, kutumia nusu ya muda wa mashine kuwakamulia wateja na nusu kukamua mbegu zake chenyewe kina hatari tofauti kabisa na kile kinachonunua zote. Ukiniletea andiko linalosema, "tumeiona hatari ya Juni, na kwa hiyo katika miaka miwili ya mwanzo tutanunua mbegu kwa mafungu madogo na kutegemea zaidi ukamuaji wa wateja," nitalisoma hadi mwisho.

Kuhusu ukubwa wa soko, kadiria kutoka pande mbili uone kama zinakutana. Upande wa juu, Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Ukigawanya tani 570,000 unapata kilo 9 na kidogo kwa mtu kwa mwaka, yaani kama lita 10. Wastani huo unajumuisha mahoteli, mama lishe na viwanda vya vyakula, kwa hiyo kijijini utakuwa chini zaidi, nawe useme hivyo. Tani zako 300 za mbegu zitatoa tani 75 za mafuta, ambazo ni lita 81,500 hivi. Hayo ni matumizi ya watu kama 8,000 tu kwa wastani huo, katika mkoa wenye watu wapatao milioni 2. Unaona basi kwamba idadi ya walaji haikuwa kikwazo chako tangu mwanzo, na kurasa zako tatu zilikuwa zinathibitisha jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

Upande wa chini, nenda dukani. Wahesabu wauzaji katika Kiomboi, Shelui na Misigiri, uwaulize wanauza madumu mangapi kwa wiki ya kawaida na mangapi wakati wa mavuno, wanapata wapi, wanalipa bei gani, na wanalipa taslimu au baada ya kuuza. Swali hili la mwisho halisahauliki kwa bahati mbaya, bali watu huogopa jibu lake, kwa maana duka linalokulipa baada ya mwezi limekukopa mtaji. Fanya hivyohivyo kwa mashine: zihesabu, uliza zinafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka na zinatoza kiasi gani kumkamulia mteja gunia. Ukurasa mmoja wa majibu kama hayo, wenye tarehe na mahali ulipoyapata, una uzito benki kuliko takwimu yoyote ya kitaifa.

---

Mchambuzi Dodoma

Namshukuru Mstaafu kwa hesabu hiyo, na Mama namkubalia kuhusu dumu la barabarani. Nilikuwa nikimfikiria mnunuzi wa jumla peke yake.

Niongeze mambo mawili ambayo hayajaguswa. Bei za sasa ni rahisi kuzipata, lakini sekta hii haieleweki kwa bei za mwaka mmoja. Tafuta bei ya kilo ya mbegu wakati wa mavuno na bei ya lita ya mafuta Desemba kwa angalau misimu mitano iliyopita, na uhakikishe wa 2022 na wa 2023 imo. Ofisi ya kilimo ya halmashauri, wafanyabiashara wa magunia na vyama vya ushirika wana kumbukumbu, japo zimetawanyika, na halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwa mnunuzi, kwa hiyo vitabu vyake vinaweza pia kukuonesha ni magunia mangapi yalitoka wilayani kwa mwaka. Ukipanga safu hizo mbili za bei kando kwa kando utaona ni miaka mingapi kati ya mitano ambayo mtu aliyenunua Juni na kuuza Desemba alipata, na ni mingapi alipoteza. Sijui matokeo yatakuwaje kwa Iramba, na ndiyo sababu nataka uyatafute.

La pili ni masharti ya kisheria, ambayo watu wengi huyaweka kwenye sura ya usajili na kuyasahau katika uchambuzi wa sekta. Tangu 2019 usalama wa chakula, ambao zamani ulikuwa chini ya TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), uko TBS (shirika la viwango), na mafuta yanayofungashwa kwa ajili ya kuuzwa yanatakiwa kukidhi viwango vyake. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) hupewa unafuu wa gharama za alama ya ubora. Zipo pia kanuni za kurutubisha chakula, zinazohusu kuongeza vitamini A katika mafuta ya kula. Kwa uchambuzi wako, swali ni jinsi masharti haya yanavyowagawa wakamuaji. Mkamuaji wa kulipwa kwa gunia anayemrudishia mteja mafuta yake kwenye dumu lake yuko mahali pamoja, na anayetaka chupa zake ziingie kwenye maduka makubwa ya Dodoma yuko mahali pengine, penye gharama zaidi lakini pia penye washindani wachache, kwa sababu wengi hawavuki hapo. Kama mna nia ya kufika huko miaka ya mbele, andikeni itagharimu nini na lini. Kama hamna, semeni hivyo, na ondoeni maduka makubwa kwenye orodha ya wateja wenu.

Kuhusu nguvu tano, usizifute. Zitumie kama maswali ya kukuongoza, halafu uondoe jedwali na uache majibu.

---

Mama wa Mashine, Singida

Ukienda kuuliza kwenye mashine za watu, usiende Juni. Hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukujibu, na atakayekujibu atakudhania wakala wa kununua mbegu. Nenda Februari au Machi, wakati mashine zimelala na wenyewe wamekaa kivulini wakirekebisha vipuri, useme ukweli kwamba unataka kuanzisha. Wengi watakueleza, hata bei wanazotoza. Na uliza pia ni mashine ngapi zinauzwa, na kwa nini mwenyewe anauza.